Kabla ya Kitofali cha Kwanza: Msingi wa Pevingi za Uani na Njia za Miguu

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi, wenye nyumba, na ninyi vijana mnaoanza kushika sururu na chepe, karibuni sana.

Leo hatutasema mengi kuhusu vitofali vyenyewe. Rangi na umbo kila mtu huchagua kwa jicho lake pale wanapofyatulia. Tutasema kuhusu kinacholala chini ya kitofali: ardhi iliyokatwa, kokoto au moramu (changarawe nyekundu ya asili) iliyoshindiliwa, na mchanga wa kulalia. Pevingi ikibonyea, mara chache sana kosa huwa ni la kitofali.

Chukueni njia ya kutoka getini hadi barazani. Imepangwa Januari, ikapendeza. Masika imepita, na ifikapo Juni, karibu na bomba linaloshusha maji ya paa, kuna kibonde cha upana wa sinia. Maji yanatuama humo. Ingizeni bisibisi mbili kwenye viungo, mnyanyue kitofali kimoja, kisha chimbueni taratibu kwa mwiko. Mara nyingi mtakuta mchanga wa unene wa sentimita 8 au 10 mahali palipotakiwa 3. Umelowa, na umegeuka rangi ya tope. Chini yake kokoto hazipo kabisa, au zipo chache zilizozama ndani ya udongo mwekundu kama karanga kwenye kashata.

Kilichotokea ni hiki. Ardhi haikusawazishwa vizuri, kwa hiyo mabonde yake yakajazwa mchanga. Maji yakaingia kwenye viungo, yakashuka kwenye mchanga, yakafika kwenye udongo na kuulainisha. Kila mtu aliyepita alikuwa anausukuma ule udongo laini upande, nao mchanga ukafuata nafasi iliyoachwa. Mkikiinua kitofali na kuongeza mchanga juu, mmekirudishia kibonde chakula chake. Masika ijayo kitakuwepo tena.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia simu mwenye lori, chimbeni. Mashimo matatu yanatosha kwa ua wa kawaida: moja karibu na ukuta wa nyumba, moja katikati, moja pale panapoonekana chini zaidi. Kina sentimita 40. Toeni udongo wa chini, si ule wa juu wenye majani na mizizi, maana huo wa juu utaondoka wote. Ondoeni vijiwe, lowesheni kidogo, kisha uviringisheni kwenye kiganja mpaka uwe kamba nyembamba ya milimita 3. Ukikatika kabla ya kufika hapo, mna ardhi ya kichanga au tifutifu. Ukiviringika vizuri na hata kukubali kukunjwa kama pete bila kupasuka, huo ni mfinyanzi, na hesabu yenu ya kokoto imebadilika hapo hapo.

Maeneo mengi ya Mbagala na Kigamboni ardhi ni ya kichanga. Hiyo ni neema, kwa sababu maji yanashuka na hayakai. Kasoro yake ni kwamba juu imelegea, hivyo inahitaji kumwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya kuweka chochote. Udongo mweusi wa mbuga ndio adui mkubwa. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa ambazo kidole kinaingia. Hauwezi kutulizwa kwa sentimita 10 za kokoto. Huo unakatwa na kutupwa, angalau sentimita 30, na pembeni maji yanazuiwa yasirudi kuuingia ule uliobaki chini. Na mahali popote palipochimbwa karibuni kwa ajili ya bomba la maji, waya wa umeme au karo la maji machafu, musipaamini hata kama juu pamesawazishwa. Mfereji uliojazwa udongo kwa mara moja utaendelea kushuka kwa misimu miwili au mitatu. Ufukueni, mujaze upya kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe ya kujazia.

Msingi mzuri kuliko wote ni kokoto zilizosagwa zenye saizi zote ndani yake, kuanzia vumbi mpaka vipande vya milimita 20. Jiwe lililosagwa lina kingo kali. Kipande kinang'ang'ania kipande, na vumbi linajaza nafasi katikati. Hapa Dar es Salaam kokoto nyingi ngumu hutoka upande wa Lugoba, na muuzaji mara nyingi atawauliza mnataka robo tatu au nusu inchi. Hayo ni majina ya kokoto za zege, zilizochekechwa ziwe saizi moja. Kwa zege ni sawa. Kwa msingi wa pevingi, kokoto za saizi moja peke yake hazishiki. Mkizishindilia zinateleza kama punje za mahindi kwenye ungo, na baadaye mchanga wa juu unamiminika taratibu ndani ya nafasi zake. Miezi michache tu, vitofali vinashuka wakati kokoto zenyewe hazijasogea popote. Fundi aliyejifunzia Mombasa ataziita balasti. Jina ni lingine, tatizo ni lile lile.

Kama machimbo hayawauzii mchanganyiko tayari, changanyeni wenyewe kwa toroli: mbili za robo tatu, moja ya nusu inchi, mbili za vumbi la kokoto. Changanyeni zikiwa na unyevu kidogo ili vumbi lisitengane na kukaa chini peke yake. Na kumbukeni, toroli hizo 5 hazitatoa toroli 5. Vumbi linaingia katikati ya kokoto, mnabaki na kama 4. Wengi hapa ndipo wanapoishiwa mali siku ya pili ya kazi.

Moramu ni ya pili, na kwa njia ya miguu inafaa sana ikiwa ni moramu ya kweli. Tatizo ni kwamba kila udongo mwekundu wenye vijiwe siku hizi unaitwa moramu. Okoteni punje kadhaa mkazibane kwa vidole: zikivunjika, hiyo ni chenga ya udongo. Kisha chukueni ile laini yake, mfanye kipimo kile kile cha kuviringisha. Moramu nzuri inagoma kuwa kamba. Ikiwa kamba, itakuwa ngumu kama tofali wakati wa kiangazi na laini kama uji wakati wa mvua. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unaipanga changarawe ya asili kwa madaraja kama G15, G25, G45 na G60, na namba hiyo ni nguvu yake ya kubeba kwa kipimo cha maabara kiitwacho CBR. Anayenunua tripu moja kwa ajili ya ua wake hana haja ya maabara. Lakini mkiwa na kazi kubwa, kama ua wa shule au wa zahanati, ulizeni shimo hilo lilipimwa likapata namba gani. Kwa njia za miguu, G45 ni moramu ya kutuliza moyo.

Ukanda wa pwani na visiwani kuna kifusi cha matumbawe. Kinadharauliwa bila sababu. Kina chokaa ndani yake, na kikilowekwa na kushindiliwa vizuri, ile laini inagandamana na kukaza. Angalieni tu mabonge: yale meupe malaini yanayosagika kwa kisigino yatageuka unga chini ya mashine, basi msiyahesabu kama jiwe. Mabonge makubwa kuliko ngumi yavunjwe au yatolewe.

Arusha na Moshi kuna ile changarawe nyekundu ya volkano. Ni nyepesi kwa kuwa imejaa matundu, hivyo msiinunue wala kuikadiria kwa tani, tumieni ujazo. Na kwa kuwa punje zake husagika, ongezeni kidogo kwenye hesabu ya kushuka.

Kifusi cha kubomolea nyumba tukiseme waziwazi. Zege na tofali za saruji zilizovunjwa hadi saizi ya yai ni mali nzuri. Lakini kifusi kinachokuja kwenye lori huwa na plasta, mbao, mifuko, vipande vya jipsamu na udongo wa shambani. Mbao zinaoza na kuacha tundu. Jipsamu ikilowa inalainika. Kama hakuna mtu wa kuchambua lori zima kwa mkono, kiacheni.

Na mchanga usiwe msingi. Mchanga ni wa kulalia vitofali tu. Wapo wanaochimba sentimita 20 na kujaza mchanga mtupu kwa sababu ni rahisi kusawazisha, nasi tunawasihi waache. Mchanga usiobanwa pembeni hukimbia kila unapopata mwanya: kwenye ufa wa ukingo, kwenye shimo la panya, kwenye kiungo cha chemba.

Sasa unene. Hizi tunazotaja ni sentimita baada ya kushindilia, na neno hilo "baada" ndilo linaloleta ugomvi baina ya mwenye nyumba na fundi. Kwa njia ya miguu na sehemu ya kukaa uani juu ya ardhi ya kichanga au tifutifu, sentimita 10. Juu ya mfinyanzi, 15 hadi 20. Mahali gari litapanda hata mara moja kwa wiki, 20 kwenye ardhi nzuri na zaidi kwenye mbaya, na kitofali kiwe cha milimita 80 badala ya 60. Juu ya mfinyanzi ni vizuri kutandika kitambaa cha jiotekstaili kabla ya kokoto. Kinaruhusu maji kupita lakini kinazuia tope lisipande. Nailoni nyeusi ya kuwekea chini ya zege haifanyi kazi hiyo. Hapa inageuka beseni, maji yanakaa juu yake na kokoto zinaogelea.

Tukadirie kwa mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Kuna sehemu ya kukaa nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 4, upande wa mita 6 ukigusa ukuta. Kuna na njia ya kwenda getini, urefu mita 12, upana mita 1.2. Eneo la vitofali: 24 ongeza 14.4, jumla mita za mraba 38.4.

Msingi lakini hauishii pale kitofali kinapoishia. Lazima utokeze sentimita 15 kila upande ulio wazi, kwa sababu uzito unapofika chini unajitanua, na kwa sababu ukingo wa zege nao unahitaji mahali pa kukalia. Kwa hiyo ua unakuwa mita 6.3 kwa 4.15, yaani 26.1. Njia inakuwa mita 12 kwa 1.5, yaani 18. Jumla mita za mraba 44.1. Mmeona tofauti: karibu mita 6 za mraba ambazo hazimo kabisa katika hesabu ya anayepima vitofali peke yake.

Ardhi ni ya kichanga, msingi sentimita 10. Zidisheni 44.1 kwa 0.10, mnapata mita za ujazo 4.41. Huo ni ujazo ukiwa umekaza. Kokoto zikiwa kwenye lori zina hewa ndani, zikishindiliwa zinashuka. Zidisheni kwa 1.3: 5.73. Ongezeni asilimia 5 ya kumwagika na ya mabonde madogo ya ardhi: mita za ujazo 6. Kwa uzito, kokoto za mchanganyiko zikiwa huru huwa kama tani 1.6 kwa mita ya ujazo, hivyo ni karibu tani 9 na nusu.

Ardhi ikiwa mfinyanzi na mkaamua sentimita 20, ni mita za ujazo 12. Ndiyo maana tumesema chimbeni shimo kwanza. Kujua hilo baada ya kokoto za mita 6 kumwagwa getini kunamfanya mtu apunguze unene ili zitoshe, na hapo kazi imeharibika kabla haijaanza.

Muuzaji hauzi mita za ujazo. Anauza tripu, na tripu haina ukubwa maalumu. Chukueni futi ya kupimia, pandeni kwenye bodi. Fuso ambalo bodi lake ndani lina urefu wa mita 3.6, upana 2 na kina sentimita 60, likijaa usawa wa bodi lina mita za ujazo 4.32. Kenta lenye bodi la mita 3 kwa 1.7 na kina sentimita 40 lina 2.04. Kwa mfano wetu, fuso moja na kenta moja ni 6.36, zinatosha na kubaki kidogo. Pimeni likiwa tupu, na pimeni kina kwa ndani, siyo kwa nje, maana sakafu ya bodi wakati mwingine imewekewa mbao juu ya mbao. Kokoto zikifika, zisawazishwe kabla ya kumwagwa. Kilima katikati na mashimo kwenye kona nne ni mali ambayo hamkuipata. Mnaonunua kwa ndoo: ndoo 50 za lita 20 ni mita moja ya ujazo.

Udongo wa kutoa nao unahesabiwa, na huo husahauliwa na karibu kila mtu. Msingi 10, mchanga 3, kitofali 6: kina ni sentimita 19 ikiwa mnataka pevingi ilingane na ardhi ya sasa. Mita za mraba 44.1 kwa 0.19 ni mita za ujazo 8.4 zikiwa ardhini. Zikichimbwa zinavimba kwa kama robo, zinakuwa 10.5. Hizo ni fuso mbili na nusu. Lazima zipatiwe mahali kabla ya siku ya kuchimba, la sivyo zitarundikwa pembeni, mvua inyeshe, nazo zirudi zote juu ya kokoto safi.

Tukiwa kwenye kuchimba: mteremko unaanzia chini kabisa, siyo kwenye mchanga. Sentimita 2 kwa kila mita, kuondoka nyumbani. Ua wetu wenye mita 4 unashuka sentimita 8 kutoka ukutani hadi mwisho. Tumieni mpira wa maji wa kupimia usawa: wekeni alama ukutani, hamisheni usawa huo hadi kigingi cha mwisho, kisha shusheni 8 na mfunge uzi. Chimbeni kwa kupima kina kutoka kwenye uzi huo. Mkichimba tambarare na kutengeneza mteremko kwa mchanga, upande mmoja utakuwa na sentimita 3 na mwingine 11, na mnajua tayari mchanga wa 11 unafanya nini. Na usawa wa pevingi ukutani ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu la nyumba, ili maji ya mvua yakirukia ukuta yasipite juu yake.

Kushindilia. Kompakta, yaani mashine ya kushindilia, ile ndogo ya kilo 80 hadi 100 inayokodishwa kwa siku, nguvu yake haifiki mbali chini. Tandazeni kokoto kwa tabaka lisilozidi sentimita 7 zikiwa huru, mpite mara 4 hadi 6, kila mstari ukilalia nusu ya mstari uliopita, kisha tabaka la pili. Anayemwaga sentimita 13 zote kwa mpigo anapata ganda gumu juu na kokoto zinazocheza chini. Kwa shindilio la mkono, sentimita 5 kwa tabaka, na mkubali kuchoka.

Unyevu ni nusu ya kazi hiyo. Kamateni konzi ya moramu au ya mchanganyiko, mbane. Ukifungua kiganja ikabaki bonge, na bonge likikatika vipande viwili safi, maji yanatosha. Ikimomonyoka, mwagieni maji mkisubiri yaingie. Ikiacha maji kwenye vidole, acheni ikauke, kwa sababu mashine itakuwa inaisukuma na kuichezesha bila kuibana. Mkimaliza, pitisheni toroli iliyojaa kokoto juu yake. Gurudumu lisiache mfereji. Kisha wekeni rula ya mita 3 kila upande. Mwanya chini ya rula usizidi sentimita 1. Ukizidi, rekebisheni kwa kokoto na vumbi, mshindilie tena. Hapa ndipo mahali pa kuwa wakali. Kila bonde mnaloliruhusu kwenye msingi litaonekana juu, hata mkilifunika namna gani.

Mchanga wa kulalia uwe wa mtoni, mkali mkononi, usiozidi punje za milimita 5. Upimeni kwa chupa ya maji inayoonyesha ndani: theluthi moja mchanga, maji yenye kijiko kidogo cha chumvi, tikiseni, acheni itulie kwa muda wa saa 3. Tope litalala juu ya mchanga kama kifuniko. Kwa kila sentimita 10 za mchanga, tope lisizidi milimita 8. Mchanga wa ufukweni usitumike. Chumvi yake inapanda ndani ya vitofali na kuvitia unga mweupe, na kuuchota ufukweni ni kuula ufukwe wenyewe. Vumbi la kokoto nalo, lililo zuri sana ndani ya msingi, si zuri hapa, kwa sababu linashika maji kama sifongo na kulainika chini ya kitofali.

Kiasi chake: mita za mraba 38.4 kwa 0.03 ni 1.15. Ongezeni asilimia 10 ya kupotea, 1.27. Halafu kuna jambo la mchanga wenye unyevu. Mchanga uliolowa kidogo unavimba, punje zinashikana na kuacha nafasi, na ujazo wake unaweza kuzidi ule wa mkavu kwa asilimia 20 hadi 30. Ukinunua baada ya mvua, mita moja siyo mita moja. Zidisheni kwa 1.2, nunueni mita 1 na nusu. Kenta moja inafunika hiyo na kubaki.

Lazeni paipu mbili za robo tatu inchi juu ya msingi. Unene wake kwa nje ni kama milimita 27. Mwageni mchanga, vuteni rula juu ya paipu, ondoeni paipu, jazeni mifereji yake kwa mwiko. Msikanyage tena. Musiushindilie mchanga kabla ya vitofali. Vitofali ndivyo vitakavyozama ndani yake mashine ikipita juu, nusu sentimita hadi moja, kwa hiyo viachwe juu kwa kiasi hicho. Wanaochanganya saruji kavu kwenye mchanga huu wakidhani wanaongeza nguvu, wanaziba njia ya maji. Maji yanabaki kati ya kitofali na hilo ganda, na likipasuka hakuna namna ya kulitengeneza ila kubomoa.

Kwa kitofali cha sentimita 20 kwa 10, hesabu ni 50 kwa mita ya mraba: 1,920, na asilimia 5 ya kukata na kuvunjika, 2,016. Kingo za zege zikae juu ya msingi ule ule uliotokeza, siyo juu ya udongo wa bustani.

Neno moja kwa wenye nyumba. Mnapopatana na fundi kwa bei ya mita ya mraba bila kutaja unene, fundi anayetaka kuweka sentimita 10 kamili anashindwa kazi na yule atakayeweka 4. Mnamfukuza mkweli wenyewe. Andikeni kwenye makubaliano: aina ya mali, unene baada ya kushindilia, matabaka mangapi. Na siku ya msingi muwepo, na futi mkononi. Siku ya vitofali hata msipokuwepo si neno.

Mvua ikikaribia na msingi uko wazi, acheni kokoto zilivyo, zitavumilia. Mchanga uliokwisha kuvutwa ufunikeni kwa turubai, au mkubali kuuondoa na kuuvuta upya kesho, kwa kuwa ukilowa matone yanauchimba na usawa unapotea. Chagueni Juni hadi Septemba kama mnaweza kuchagua.

Mwisho ni mchanga wa viungo, laini na mkavu kabisa. Kwa viungo vya milimita 3 na kitofali cha milimita 60, ua wetu na njia yake vinameza kama ndoo 5. Fagieni, pitisheni kompakta yenye mpira chini, fagieni tena, mpaka viungo vikatae kumeza. Nunueni ndoo 7. Mbili zilizobaki zitieni kwenye kiroba, kiwekwe stoo mahali pakavu: baada ya mvua kubwa ya kwanza viungo vitashuka tena, na siku jua likiwaka mtavifagilia hizo.

Sasa tunapokea maswali. Aliyekuja na udongo wa kwake kwenye mfuko aulete hapa mbele, kuna ndoo ya maji, tuuviringishe pamoja.